Tanga kwa Miguu: Fuata Njia ya Katani

Mgeni akishuka Tanga, wenyeji humwelekeza Raskazone akapunge upepo. Si ushauri mbaya, ila kama umekuja kuutembea mji na unataka uuelewe, bahari iache iwe ya mwisho. Anzia stesheni ya reli. Majengo ya kale ya Tanga yametawanyika, mengine yamekarabatiwa na mengine yanabomoka polepole, na ukiyapitia ovyoovyo utarudi nyumbani na picha za milango na mnara wa saa, basi. Ukifuata njia iliyopitwa na katani, kutoka shambani hadi kwenye korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, kutoka korona hadi kwenye behewa, kutoka behewani hadi majini, kila jengo litakueleza lenyewe kwa nini limesimama pale. Mji huu, kwa sura tunayoiona leo, ulipangwa kwa ajili ya mzigo. Mandhari ni bahati yetu tu.

Kwa mantiki hiyo ungeanzia shambani. Nashauri ugeuze: mjini kwanza, shamba baadaye. Shamba la mkonge ni mahali pa kazi, linahitaji ruhusa, na korona haina maana kuitazama ikiwa imezimwa. Kwa hiyo tumia Jumamosi kwa mji, Jumapili jipumzishe, Jumatatu asubuhi uwe shambani ambako mashine inanguruma. Wiki moja kabla, ulizia kama makumbusho ya Urithi Tanga yatakuwa wazi Jumamosi hiyo, na anza kutafuta ruhusa ya shamba.

Kuhusu msimu, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo mizuri, kusi likivuma na joto limepungua. Machi hadi Mei ni masika, na mvua ya Tanga ikikukuta katikati ya njia hakuna mwavuli utakaokufaa. Msimu wowote uwao, toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Jua la pwani likishafika saa tano, pamoja na unyevu wake, si la kuchezea, na mtu aliyechoka haoni kitu. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli nene. Beba maji, kofia, daftari dogo na noti ndogondogo za kulipia kahawa.

Sasa stesheni. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza hapa Tanga mwaka 1893, ukiwa wa kwanza katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Ulikwenda kwa kusuasua. Kampuni iliyouanza iliishiwa fedha, na ilipofika mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikalazimika kuichukua. Njia ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Itazame hiyo orodha vizuri: miaka kumi na minane kutoka baharini hadi chini ya Kilimanjaro. Msomaji anayeona reli ya kisasa ikichelewa na kuhisi kwamba zamani mambo yalikwenda haraka, hapa ndipo pa kutulia kidogo.

Kabla hujatoa simu kupiga picha, omba. Stesheni, karakana na bandari ni maeneo yanayolindwa, na mlinzi aliyekuona ukipiga picha kwa kujificha hatakusikiliza tena hata ukiwa na nia njema. Mwone mkuu wa stesheni au mlinzi wa zamu, msalimie, mweleze unafanya nini. Mara nyingi utaruhusiwa kutazama, pengine na mtu wa kukusindikiza, na huyo msindikizaji ana thamani kuliko kitabu. Ukishakubaliwa, usikimbilie paa na madirisha. Inama. Reli za chuma kwa kawaida hupigwa chapa ubavuni kiwandani: jina la kiwanda na mwaka, kwa herufi zilizoinuka. Chapa ikiwa imeshiba kutu, ipapase kwa kidole, herufi utazihisi kabla hujazisoma. Tazama na mataruma, kama ni ya chuma au ya mbao au ya zege. Kwa reli ya umri huu, vipande vya nyakati mbalimbali hulala kando kwa kando, na dakika kumi za kusoma ubavu wa reli zitakufundisha juu ya matengenezo na umaskini na utajiri wa njia hii zaidi ya maelezo marefu. Fanya hivyo pale tu ulipoambiwa ni salama, na usidanganywe na majani yaliyoota katikati ya njia. Treni za mizigo bado zinapita.

Ukitoka stesheni, usielekee bandarini bado. Vuka upande wa pili wa reli uingie Ngamiani. Mpaka huu wa reli si wa bahati mbaya: upande wa bahari ofisi, maghala na nyumba za wakubwa, upande wa pili watu wa kazi. Mitaa ya Ngamiani imenyooka, imekatana kwa pembe mraba, na badala ya majina ina namba: Barabara ya Nne, Barabara ya Saba, Barabara ya Kumi na Mbili. Mtu hapotei Ngamiani, labda awe hajui kuhesabu. Waliotembelea Tanga kwa mwongozo wa kitalii hupaacha hapa kwa kuwa hakuna boma wala mnara. Mimi nakushauri upape saa nzima. Hapa utakuta nyumba za vibaraza, mabati yenye kutu, baiskeli kila mahali, na wazee wanaokunywa kahawa asubuhi ambao wengine wao walikula mshahara wa reli, wa bandari, wa kiwanda cha kamba au cha mbolea.

Kuna namna ya kuongea nao. Anza na shikamoo, kaa, agiza kahawa, nunua na kashata, ngoja. Usiulize “historia ya hapa ikoje?” maana utajibiwa kile kile kinachojibiwa wageni wote, kwamba Mjerumani alijenga hiki, Mwingereza akajenga kile. Uliza kazi: “Mzee, wewe ulikuwa zamu gani? Mshahara ulilipwa wapi? King'ora kililia saa ngapi?” Swali la kazi hufungua mdomo. Halafu usitoe daftari mpaka mazungumzo yamekolea, na ukilitoa, omba ruhusa ya kuandika. Huo mtindo wa kuwasha kinasa sauti cha simu na kukiweka mezani kimyakimya ni utovu wa adabu.

Kutoka Ngamiani rudi upande wa bahari, pita katikati ya mji uelekee Boma la zamani, ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi Tanga. Ndani kuna picha nyingi za zamani za mji, na ushauri wangu ni kwamba utafute picha za bandari na za reli kwanza, uzikazie macho, maana nusu saa ijayo utasimama mahali zilipopigwa. Ukipata mwongozaji, mwulize juu ya gazeti la Kiongozi. Lilichapishwa hapa Tanga katika shule ya serikali, tangu mwaka 1905 hadi vita vilipolizima mwaka 1916, na ni miongoni mwa magazeti ya mwanzo kabisa ya Kiswahili. Mtambo wa kuchapia nao ni urithi wa viwanda, ingawa tunapotaja viwanda akili hukimbilia mabomba na moshi.

Karibu na hapo, bustani ya Jamhuri na mnara wa saa vinaitazama ghuba. Hapa ndipo pa kupumzika na kutazama kwa utulivu. Mbele yako kuna kisiwa kidogo kilichozungukwa na mikoko, kinaitwa Toten, chenye magofu ya msikiti na makaburi ya karne zilizopita. Kinakukumbusha kwamba watu wa ghuba hii walikuwa wanasali, wanavua na kufanya biashara muda mrefu kabla ya meli ya kwanza ya Kijerumani kutia nanga. Ukiwa na siku ya ziada na unapenda mambo hayo, Tongoni iko kilomita 17 hivi kusini, na ina makaburi ya nguzo mengi kupita kawaida ya pwani yetu. Lakini huo ni mwendo wa gari, na si wa leo.

Bandari yenyewe itazame kutoka nje. Jambo la kulijua kabla ya kutazama ni kwamba kwa zaidi ya karne moja meli kubwa hazikuweza kufunga gatini Tanga, kwa kuwa maji ya kando yalikuwa machache. Zilitia nanga katikati ya ghuba, na marobota ya katani yakapelekwa kwa matishari, yakivutwa na tagi, kisha yakapandishwa kwa winchi za meli. Robota moja lilikuwa na kilo 250. Hesabu mwenyewe kazi ya kuhamisha mzigo huo mara mbili, kwanza kutoka ghalani hadi tishari, kisha kutoka tishari hadi meli, na utaelewa kwa nini bandari ilihitaji makuli wengi hivyo na kwa nini mgomo wa makuli ulikuwa na nguvu popote pwani. Miaka ya karibuni bandari imechimbwa ikaongezwa kina na gati likapanuliwa, na meli zinafunga. Kizazi cha matishari kinapita. Mwenye mjomba aliyefanya kazi hiyo amwulize mapema.

Na kwa kuwa tumefika forodhani: Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani kusini kidogo mwa mji huu mwaka 1909, alikuwa karani wa forodha kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kazi nyingine za serikali. Tunamkumbuka kwa ushairi na tunaisahau kazi iliyomlisha. Kaburi lake liko huko huko Vibambani.

Sehemu ya mwisho ya siku ya kwanza ni barabara inayofuata ukingo wa bahari kwenda Bombo hadi Raskazone. Ni mwendo mzuri kuliko yote, miti mikubwa, upepo, ghuba ikionekana na kupotea. Njiani utapita hospitali ya Bombo, ambayo jengo lake kongwe la enzi za Wajerumani limesimama juu ya ukingo. Pitia nje. Ni hospitali, kuna wagonjwa na wauguzaji, na hakuna mtu anayeuguza anayetaka kuwa mandhari ya picha yako.

Huku Raskazone ndiko wanajeshi wa Uingereza, wengi wao Wahindi, walikoshuka Novemba 1914. Walikuwa karibu 8,000, wakikabiliwa na askari wa Kijerumani wapatao 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, na kati ya tarehe 3 na 5 walishindwa vibaya mno, wakarudi melini wakiacha bunduki na risasi. Utasimuliwa habari ya nyuki. Ni kweli nyuki waliwavamia askari msituni, na waliwauma wa pande zote mbili. Kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao kwa kamba ni hadithi ya kunogesha baraza, na aliyeshindwa alikuwa na kila sababu ya kuipenda. Kilichomwokoa Lettow-Vorbeck kilikuwa ile stesheni uliyoianzia asubuhi. Waingereza walipochelewa kushuka, yeye aliwaleta askari wake kutoka upande wa Moshi kwa treni, na usiku mmoja kabla ya mapigano makubwa akazunguka mji akiupeleleza kwa baiskeli. Reli ya kubebea mazao ilibeba jeshi. Mapigano makali yenyewe yalitokea kwenye mkato wa reli, upande wa mashariki mwa mji.

Makaburi ya vita hivyo yapo mjini. Ukiyatembelea, soma majina, usihesabu mawe tu. Kwenye makaburi ya upande wa Uingereza utaona majina ya Wahindi waliokuja kufa mahali ambapo pengine hawakuwahi kupasikia. Na kumbuka wapagazi, waliobeba vita hivyo mabegani, ambao wengi wao hawana jiwe wala jina.

Baada ya hapo oga baharini, kula samaki, lala. Ila ulizia maji kabla hujaingia, maana yakipwa unaweza kutembea umbali mrefu kwenye matope ukitafuta pa kuogelea.

Sasa shamba, na hapa ndipo ninapotaka ukae zaidi, kwa sababu watu wengi wanaotembelea Tanga hawafiki. Mwaka 1893, mwaka ule ule wa kuanza reli, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Ilipofika ilikuwa imebaki hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani. Mashamba makubwa ya mkonge unayoyaona kandokando ya barabara kutoka Tanga hadi Korogwe na Mombo chimbuko lake ni miche hiyo 62. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa inazalisha zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka na kuongoza duniani. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na usimamizi ukayumba, na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Wanaobishana kama kosa ni la Azimio la Arusha au la plastiki wana la kusema pande zote. Mimi naona bei ingeanguka hata kama kusingekuwa na Azimio.

Chagua shamba linalofanya kazi. Hale, kati ya Muheza na Segera, ni rahisi kufikika kwa basi la Korogwe. Ngombezi na Magunga yako mbele zaidi, upande wa Korogwe. Usiingie shambani kutoka barabarani kwa kuwa tu hakuna geti. Nenda ofisi ya shamba, au pitia Bodi ya Mkonge, ambayo makao yake makuu yako Tanga mjini, uombe kuelekezwa. Barua fupi yenye jina lako, idadi yenu na siku mnayotaka hurahisisha mambo. Siku hizi wakulima wadogo nao wana mkonge wao katika mashamba haya kupitia vyama vya ushirika, na wao ni wakarimu, ila usiwachukulie muda wakati wa kukata.

Vaa suruali ndefu na mikono mirefu. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mgumu mweusi unaopenya jinzi, na maji yake yanawasha ngozi. Tembea katikati ya mistari, usikatishe. Mmea huanza kukatwa ukiwa na miaka mitatu hivi, na baada ya miaka kadhaa ya kukatwa hutoa mlingoti mrefu wa maua, kisha hufa. Ukiona shamba limejaa milingoti, limezeeka au limetelekezwa. Hilo pekee litakuwezesha kusoma hali ya shamba ukiwa dirishani mwa basi.

Kisha nenda kwenye korona, na simama pale utakapoelekezwa kusimama. Majani hupangwa kwenye mkanda, yakashikwa katikati, yakapita kwenye magurudumu yenye visu butu yanayoyapiga mpaka nyama yote imepukutika, huku maji yakimwagwa bila kukoma. Upande mmoja linaingia jani la kijani zito, upande wa pili inatoka singa nyeupe yenye umbo la mkia wa farasi, imelowa, inachuruzika. Harufu ni kali, ya uchachu, na kelele inakulazimisha kuongea kwa mikono. Jambo la kushangaza ni hesabu: katika kila kilo 100 za majani, katani ni kama kilo 4. Kilichobaki ni maji na makapi, na kwa zaidi ya karne kimekuwa kikimwagwa kwenye mifereji. Hale ndiko walikojaribu kukigeuza kuwa gesi ya kuzalishia umeme, kwenye mtambo uliozinduliwa mwaka 2007. Ulizia kama unaweza kuoneshwa.

Fuata singa zinakokwenda: kwenye nyaya za kuanikia, ambako uwanja mzima unameta jua likipanda, kisha kwenye brashi, kisha kwenye presi inayozifunga kuwa marobota. Kwenye brashi kuna vumbi jingi, funika pua. Pembezoni mwa kiwanda tafuta mabaki ya njia nyembamba za reli za toroli zilizokuwa zikileta majani kutoka shambani. Mashamba mengi yalikuwa nazo, na vipande vyake huonekana vimegeuzwa nguzo za uzio au daraja la mfereji.

Usiondoke bila kuona kambi. Ni safu za nyumba za vyumba vidogo, zilizojengwa kwa ajili ya manamba, vibarua walioletwa kwa mkataba kutoka Kigoma, Mbeya, Songea, na kutoka Burundi, Rwanda na Msumbiji. Baada ya mwaka 1944 waliandikishwa na ofisi ya waajiri wa mkonge iliyoitwa Silabu. Kila siku ya kazi ilipigwa kwenye kipande. Vijukuu wao wanaishi Muheza na Korogwe leo, wanasema Kiswahili cha huku, na wengi hawajawahi kufika alikotoka babu. Kambi zinakaliwa. Usipige picha ya nguo za mtu zilizoanikwa ukaiita “historia”. Bisha hodi, uliza, na ukikaribishwa, kaa.

Kwa anayetaka kuongeza kituo kimoja, Mlingano, karibu na Muheza, kuna kituo cha utafiti wa mkonge kilichoanza miaka ya 1930. Kazi iliyofanywa hapo na katika kituo cha utafiti cha Amani ilitoa aina chotara inayojulikana kwa namba tu, 11648, ambayo sasa inalimwa hadi China. Kwa kutazama hakuna mengi, kwa hiyo nenda tu kama unapenda mimea.

Msomaji wa Moshi, Mwanza au Unguja asidhani haya ni ya Tanga peke yake. Tafuta mzigo uliolea mji wako, kahawa, pamba au karafuu, kisha tembea kutoka ulikopimwa hadi ulikopakiwa. Utashangaa ni majengo mangapi unayoyapita kila siku yaliyomo kwenye njia hiyo.

Kurudi Tanga kutoka Hale, simama barabara kuu kabla ya saa kumi na moja jioni. Mabasi kutoka Dar es Salaam na Arusha hupita yakiwa yamejaa, kwa hiyo ngoja basi la Korogwe linaloshusha na kupandisha njiani, na uwe na nauli kamili mkononi. Na kabla hujaondoka, nunua katani kidogo iliyosokotwa kuwa kamba, uitumie kufungia mzigo wako.